Heri Si Bahati: Kuhakiki Mchezo wa Fuku no Kami na Miungu Saba wa Kijapani

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wanafunzi wa somo la tafsiri na fasihi linganishi ni namna ya kuyataja kwa Kiswahili mambo ya imani za watu wengine. Mfano tunaoutolea uhakiki katika ukurasa huu ni wa kundi la miungu saba wa Japani waitwao Shichifukujin. Jina hilo limekuwa likitafsiriwa kwa wepesi kuwa "miungu saba ya bahati", na wanafunzi wetu hulinakili hivyo hivyo katika insha zao bila kujiuliza swali. Kwa maoni yetu, maneno hayo yana makosa mawili. Kosa la kwanza limo katika neno "bahati", na la pili limo katika kile kiambishi kidogo "ya".

Ili hoja yetu isielee hewani, tumechagua kuitegemeza juu ya kazi moja ya sanaa, nayo ni mchezo mfupi wa kuigiza uitwao Fuku no Kami. Tutaueleza, tutaupima uzuri na udhaifu wake, kisha tutarudi kwenye lugha. Tunaamini kwamba mwalimu wa Kiswahili ana mengi ya kuvuna humo, hata kama hajawahi kusoma neno moja la Kijapani.

Saba hao ni nani?

Kwanza tuwatambue wahusika. Ebisu ni mungu wa wavuvi na wafanyabiashara. Huchorwa ameshika ufito wa kuvulia na kumkumbatia samaki mwekundu aitwaye tai (msomaji asimchanganye na ndege wetu). Daikokuten amesimama juu ya marobota ya mchele, mkononi ana nyundo ya mbao ambayo kila ikigonga hutoa mali, na mgongoni ana mfuko mkubwa. Bishamonten amevaa deraya ya vita, na mkononi amebeba mnara mdogo. Benzaiten, mwanamke pekee katika kundi, hupiga biwa, chombo cha nyuzi kinachofanana na udi wa taarabu. Fukurokuju ana paji la uso refu kupita kiasi. Jurojin ni mzee mwenye fimbo, akifuatana na kulungu. Wa mwisho ni Hotei, mtawa mwenye kitambi na gunia, acheka siku zote. Huyu ndiye ambaye sanamu yake huwekwa katika migahawa ya Kichina duniani kote, na watu wengi humdhania kuwa ni Budha mwenyewe.

Jambo la kushangaza ni asili yao. Daikokuten, Bishamonten na Benzaiten walitoka Bara Hindi, wakapita China pamoja na dini ya Kibudha hadi wakafika Japani. Benzaiten ndiye Sarasvati wa Wahindu, na Daikokuten ni Mahakala. Fukurokuju na Jurojin walitoka katika dini ya Tao ya China, na wote wawili huhusishwa na nyota moja ya kusini inayosemekana kugawa umri mrefu. Hotei naye alikuwa mtawa wa Kichina wa karne ya 10. Anayebaki ni Ebisu peke yake, ambaye huhesabiwa kuwa mwenyeji. Walianza kuunganishwa kuwa kundi moja katika enzi ya Muromachi (1336–1573), na wakaenea sana miongoni mwa watu wa kawaida katika enzi ya Edo (1603–1868), hasa mijini, ambako tabaka la wafanyabiashara lilikuwa likikua.

Kwa hiyo, saba hao hawakutungwa na kitabu kimoja kitakatifu wala na nabii mmoja. Walikusanywa na watu wa kawaida: wavuvi, wauza mchele, wachoraji wa picha za bei nafuu na waigizaji. Ndiyo maana tumeona ni vyema kuwatafuta jukwaani badala ya kuwatafuta katika vitabu vya dini.

Mchezo wenyewe

Fuku no Kami ni mchezo wa Kyogen. Kyogen ni sanaa ya vichekesho iliyokomaa katika enzi ile ile ya Muromachi, na huigizwa baina ya michezo mizito ya Noh. Zamani waigizaji walifuata muhtasari tu na kujitungia maneno jukwaani, kama afanyavyo mtambaji wetu wa ngano. Mwaka 1642 mwigizaji Okura Toraakira aliandika mkusanyo mkubwa wa michezo hiyo, na mkusanyo huo ni miongoni mwa ile mikongwe tuliyo nayo. Sanaa za Noh na Kyogen kwa pamoja ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008.

Kisa chenyewe ni kifupi. Wanaume wawili wana desturi ya kwenda hekaluni kila mwisho wa mwaka ili wakeshe na kuupokea mwaka mpya. Wanafika, wanaomba, kisha wanarusha maharage kama ilivyo mila, huku wakiiamuru heri iingie ndani na mazimwi yatoke nje. Mara kicheko kikubwa kinasikika. Anaingia mungu wa heri mwenyewe, amevaa kinyago chenye tabasamu. Hatajwi kuwa ni yupi kati ya wale saba. Yeye ni fuku tupu, heri iliyopewa miguu na sauti.

Jambo la kwanza analolifanya mgeni huyu si kubariki. Anadai pombe yake! Anawauliza kwa nini hawajampa sake, ile pombe ya mchele, kama wafanyavyo miaka yote. Wanampa. Anawatolea kwanza miungu wengine, hasa yule wa Matsunoo anayesimamia pombe zote, kisha anakunywa mwenyewe kwa raha. Baada ya hapo anawauliza kama wanataka kutajirika. Wanakubali. Anawaambia kwamba ili mtu atajirike anahitaji mtaji. Wale wawili wanalalamika: wao wamekuja kuomba kwa sababu hawana mtaji! Mungu anawajibu kwamba mtaji anaousema si fedha wala mchele, ni moyo. Halafu anawafundisha kwa kuimba na kucheza: waamke mapema, wawe na huruma, wasimchukie mgeni anayefika kwao, na mume na mke wasikasirikiane. Mwishoni anaongeza sharti moja: miungu wa heri kama yeye wapewe vyakula vitamu na sake ya zamani mpaka waseme basi. Anacheka tena, na mchezo unakwisha.

Uzuri wake na udhaifu wake

Ukiusoma mchezo huu kwa haraka utasema ni mahubiri yaliyotiwa sukari. Mawaidha yake hayana jipya. Msemo wetu wa "biashara asubuhi" unatosha kwa lile la kwanza, na "mgeni njoo mwenyeji apone" unatosha kwa lile la tatu. Mhakiki mkali anaweza kwenda mbali zaidi na kuuliza: je, si dhihaka kumwambia maskini kwamba mtaji ni moyo? Maskini yeyote sokoni anajua kwamba moyo haununui gunia la mchele. Mawaidha ya aina hii yamewafaa matajiri katika kila nchi, kwa kuwa yanahamisha lawama: mtu akibaki maskini, basi moyo wake ndio wenye kasoro, si mpango wa jamii.

Pingamizi hili ni la kweli, na hatutaki kulifukia. Lakini tunaona mchezo wenyewe unalijibu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni malalamiko ya wale wawili. Mtunzi angeweza kuwafanya wanyamaze na kuinamisha vichwa. Badala yake amewapa sauti ya kumjibu mungu, tena kwa hoja ya mtu mwenye akili timamu: tumekuja kwako kwa kuwa hatuna, nawe unatuambia tulete! Hadhira hucheka hapo kwa sababu inawaunga mkono. Kicheko hicho kinakiri kwamba umaskini ni jambo halisi, hata kabla mungu hajatoa jibu lake.

Njia ya pili ni ile pombe. Mhubiri anayeomba kinywaji kabla ya mahubiri na kukiombea tena baada ya mahubiri hawezi kujifanya kwamba amesimama juu ya tamaa za wanadamu. Kwa sharti lake la mwisho mungu anajicheka mwenyewe. Naye anaiweka heri mahali pake: inatoka kwake na inarudi kwake, kama chakula kinachopelekwa kwa jirani na sahani isiyorudi tupu. Anayetaka kupokea sharti ajue kutoa, na hata mungu yumo katika mzunguko huo. Tena angalia kwamba mchezo hautuonyeshi wale wawili wakitajirika. Hakuna nyundo inayogongwa, hakuna dhahabu inayomwagika. Wanaondoka na mawaidha na kicheko tu, na mtunzi ameona hayo yanatosha.

Udhaifu tunaouona sisi uko kwingine. Wale wanaume wawili hawatofautiani. Ukibadilisha maneno ya mmoja ukampa mwenzake, hakuna kitakachoharibika. Mchezo mwingine wa Kyogen, uitwao Ebisu Bishamon, una nguvu zaidi kwa upande huu. Humo Ebisu na Bishamon wanafika kwa tajiri mmoja kuposa binti yake, wakaanza kugombana na kukashifiana asili zao mbele ya mkwe. Hapo kila mmoja ana sauti yake, na ugomvi wa miungu unafanana kabisa na ugomvi wa wanadamu. Hata hivyo, Fuku no Kami una kitu ambacho mchezo ule hauna, nacho ni lile swali la mtaji, na swali hilo ndilo linalotufikisha kwenye lugha.

Kwa nini si "bahati"?

Kijapani kina maneno mawili ambayo mtafsiri asiye mwangalifu huyatia katika chungu kimoja. Moja ni un, na jingine ni fuku. Un ni lile jambo linalomwangukia mtu bila yeye kulipanga. Linaweza kuwa jema, linaweza kuwa baya. Fuku ni wema wenyewe. Neno hilo limo katika fukushi, yaani ustawi wa jamii. Limo katika kofuku, yaani furaha ya maisha. Tena limo katika fukuin, neno ambalo Wakristo wa Japani hulitumia kwa Injili. Je, kuna mtu angethubutu kuiita Injili "habari za bahati"?

Sasa tukipime Kiswahili kwa kipimo hicho hicho. Tunasema "bahati njema" na "bahati mbaya", na "bahati nasibu" ni mchezo wa kubahatisha. Bahati kwa asili haina upande, na ndiyo maana inahitaji kivumishi cha kuielekeza. Lakini "heri mbaya" haisemeki. Heri ni njema kwa ukoo wake, na kinyume chake kina jina lake, yaani shari. Kwa hiyo un ni bahati, na fuku ni heri. Ulinganifu huu unakaribia kuwa kamili, jambo ambalo mtafsiri hulipata kwa nadra.

Kuna ushahidi mwingine. Miungu saba hawa ni wa mwaka mpya. Katika siku za kwanza za Januari, Wajapani wengi huzunguka mahekalu saba, kila moja la mungu mmoja, na mizunguko ya namna hiyo iko katika miji mingi. Ule wa mtaa wa Yanaka mjini Tokyo ni mmojawapo wa ile ya kale. Nasi tunaambiana nini katika siku hizo hizo? "Heri ya mwaka mpya." Neno lilikuwa midomoni mwetu muda wote, nasi tukalipita tukaenda kuokota jingine.

Hatusemi kwamba heri ndilo neno pekee linalofaa. Wapo watakaopendekeza "baraka", lakini baraka humtaka mwenye kubariki aliye juu, hali mungu wa mchezo wetu amekaa chini anakunywa na wageni wake. Wapo watakaopendekeza "neema", nayo iko karibu, ila inaelemea upande wa wingi wa riziki. "Jaha" ni neno zuri, na msemo wa kuzaliwa na nyota ya jaha ungempendeza Jurojin na nyota yake ya kusini. Lakini jaha huwa ya mtu mmoja aliyeteuliwa, ilhali heri inaweza kuingia nyumba yoyote iliyofunguliwa mlango.

Desturi moja ya kweli inayaonyesha vizuri maneno haya yakitengana. Katika hekalu la Nishinomiya, ambalo ndilo kuu la Ebisu, lango hufunguliwa saa kumi na mbili alfajiri ya tarehe 10 Januari, na umati hukimbia kiasi cha mita 230 hadi ukumbi mkuu. Watatu wa kwanza hutangazwa kuwa watu wa fuku wa mwaka huo. Nafasi za mbele langoni hupatikana kwa kura. Basi, anayepata nafasi ya mbele ameipata kwa bahati, anakimbia kwa juhudi, na anachokipokea mwisho wa mbio ni heri. Mtafsiri anayeandika "bahati" kwa yote atakuwa amelikata tukio hilo miguu.

Tena, tarehe hizo hizo, waumini wa hekalu la Imamiya Ebisu mjini Osaka huzunguka nyuma ya jengo na kugonga ukuta kwa nguvu, kwa imani kwamba Ebisu hasikii vizuri. Bahati haina masikio, na hakuna mtu anayeigongea ukuta. Anayegongewa ni mwenye nyumba.

"Miungu ya" au "miungu wa"?

Hapa tunafika kwenye kosa la pili. Neno "Mungu" katika umoja hupatanishwa kama mtu: Mungu anapenda. Lakini katika wingi, umbo la mi- hutuvuta tuseme "miungu inapenda", "miungu hii", "miungu ya". Biblia ya Kiswahili katika amri ya kwanza ilichagua upatanisho huo wa mi-, na kwa kusudi lake ilichagua vyema, kwa kuwa ilitaka kusema kwamba miungu wa mataifa ni vitu, wala si nafsi. Upatanisho wa kisarufi huko ni hoja ya imani.

Mtafsiri wa Fuku no Kami hana kusudi hilo. Mhusika wake anacheka, anadai kinywaji, anaimba na kuondoka. Ukiandika "mungu anacheka" kisha ukaandika "miungu inacheka", umemwua mhusika wako kwa kumzidisha idadi. Ndiyo maana katika makala haya tumeandika "miungu hawa" na "miungu wa heri", kwa kufuata kanuni ile ile inayotufanya tuseme "mtume huyu" na "mitume hawa", wala si "mitume hii".

Wanafunzi wetu wa nchi hizi za Maziwa Makuu wana faida ambayo pengine hawaijui. Mwanafunzi wa Kiganda ana neno Katonda kwa Muumba mmoja, na ana neno lubaale kwa wenye nguvu wa chini yake, kama Mukasa wa Ziwa Viktoria. Wingi wake ni balubaale, kwa kiambishi cha watu. Lugha yake ya kwanza imekwisha kumfundisha kwamba kuna nafsi zisizo Mungu Muumba na zisizo vitu. Neno la Kijapani kami lina nafasi pana ya namna hiyo. Mwalimu akiwaalika wanafunzi walete ujuzi wa nyumbani darasani, mjadala huu utaeleweka kwa dakika tano.

Kuhusu imani zetu wenyewe, tuseme wazi: Mwislamu au Mkristo anayetafsiri mchezo huu hapungukiwi na chochote. Kuilinda heshima ya mhusika wa hadithi hakumfanyi mtafsiri kuwa mfuasi wake. Kinachompunguza mtafsiri ni kuweka neno "ushirikina" mahali ambapo matini haikuliweka.

Miungu waliojengwa kwa sauti za maneno

Mwalimu wa lugha atafurahi kujua kwamba imani hii kwa sehemu kubwa imesimama juu ya mchezo wa maneno. Ebisu humbeba samaki tai kwa sababu jina hilo linasikika ndani ya medetai, neno la kusifu jambo la kheri na kushangilia. Daikokuten maana yake ni "mweusi mkuu", lakini sauti "daikoku" yaweza pia kuandikwa kwa alama zinazomaanisha "nchi kubwa", ambazo ni za jina la Okuninushi, mungu wa kale wa Kijapani. Kwa sauti hiyo moja, mgeni wa Kihindi na mwenyeji wa Izumo wakaungana wakawa mtu mmoja.

Kisa cha Benzaiten ndicho kinachotugusa zaidi. Sarasvati alikuwa mungu wa usemi, elimu na muziki. Wajapani waliandika jina lake kwa alama ambayo sauti yake ni zai na maana yake ni kipaji. Baadaye alama hiyo ilibadilishwa, ikawekwa nyingine yenye sauti ile ile ya zai lakini maana yake ni mali. Matamshi hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mwandiko tu, na yule mlinzi wa ufasaha akawa mlinzi wa fedha. Leo katika hekalu la Zeniarai Benten huko Kamakura watu huosha noti na sarafu zao katika maji ya chemchemi wakitumaini kwamba zitaongezeka. Biwa bado iko mikononi mwake, lakini ni wangapi wanaoisikiliza?

Tunaliona tukio hilo kuwa ni onyo kwa sisi tunaofundisha lugha. Alama moja ikibadilishwa kwa kuwa inasikika sawa, maana nzima inaweza kuhama nyumba, na hakuna atakayesikia kishindo. "Heri" kuwa "bahati" ni uhamisho wa namna hiyo hiyo.

Hata picha yao mashuhuri zaidi imefumwa kwa maneno. Miungu saba huchorwa wamepanda jahazi la hazina liitwalo takarabune, likija na mwaka mpya. Tangu enzi ya Edo watu wamekuwa wakiiweka picha hiyo chini ya mto wa kulalia usiku wa tarehe 2 Januari ili waote ndoto njema. Juu ya picha huandikwa shairi fupi linalosomeka sawa kutoka mwanzo na kutoka mwisho, silabi kwa silabi. Watoto wa pwani wanaozungumza kinyume wangeuelewa mchezo huo mara moja. Ndoto iliyo bora ni ya Mlima Fuji, ya pili ni ya mwewe, na ya tatu, msicheke, ni ya biringanya. Mojawapo ya maelezo yatolewayo ni kwamba jina la biringanya, nasu, linafanana na kitenzi cha kutimiza jambo. Ndoto ikiwa mbaya, picha hupelekwa mtoni ikachukuliwe na maji.

Wageni waliogeuka wenyeji

Tumesema kwamba Ebisu pekee ndiye mwenyeji. Lakini hata yeye ana dosari katika uenyeji wake. Jina ebisu lilitumika zamani kuwaita watu wa nje. Katika vijiji vya wavuvi, vitu vilivyoletwa na mawimbi, hata nyangumi na maiti za waliozama, viliitwa ebisu na kupokewa kwa heshima kama dalili ya mavuno ya bahari. Wengi humtambua kuwa ndiye Hiruko, yule mtoto wa kwanza anayetajwa katika kitabu cha Kojiki cha mwaka 712, ambaye wazazi wake walimtia katika chombo cha matete na kumwachilia majini kwa kuwa aliumbika vibaya. Mtoto aliyetupwa akarudi na samaki mkononi. Basi saba wote wamepitia majini, na yule mungu wa mchezo wetu aliposema mgeni asichukiwe alikuwa akiwatetea jamaa zake.

Historia haikuufuata ushauri huo siku zote. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru mambo ya Shinto yatenganishwe na ya Kibudha. Miungu waliokuwa wameishi chini ya paa moja kwa karne nyingi waliulizwa uraia wao. Katika kisiwa cha Itsukushima, Benzaiten aliondolewa katika hekalu la Shinto na sanamu yake ikapelekwa katika hekalu la Kibudha la Daiganji lililo karibu. Hata hivyo watu wa kawaida hawakuacha kuuzunguka mwaka mpya wakipita kwa wote saba, mahekalu ya dini hii na ya dini ile, kama kwamba amri haikuwahi kutolewa.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu ya kulielewa hilo. "Bahati" ilitoka Uajemi, "heri" ilitoka Uarabuni, na hakuna anayeziomba pasipoti. Neno huwa la nyumbani pale wenye nyumba wanapolitumia kusalimiana na kuagana. Kila tunapoachana tunasema "kwa heri" bila kukumbuka lilikotoka.

Mapendekezo kwa walimu

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Fuku no Kami uingizwe katika somo la fasihi linganishi kama tamthilia fupi ya kuigizwa darasani. Wahusika ni watatu tu, na vifaa ni maharage na kikombe. Pili, wanafunzi wapewe zoezi la kuandika sentensi kumi kwa "bahati" na kumi kwa "heri", kisha wazibadilishane maneno hayo waone ni sentensi zipi zinazovunjika. Tatu, kila kikundi kiandike upya jibu la mungu kuhusu mtaji kama linavyoweza kusemwa kwa muuza samaki wa Kampala au wa Bujumbura, na kikundi kingine kiandike malalamiko ya muuza samaki huyo. Wasilazimishwe kukubaliana.

Ikiwa mwalimu atakuwa na nafasi ya kurekebisha kosa moja tu katika insha za muhula huu, basi tunamwomba aanze na lile la "miungu saba ya bahati". Aandike pembeni kwa wino wowote alionao: miungu saba wa heri.